Anasoma, au amekariri?

Mzazi mwenye mtoto wa chekechea au darasa la kwanza, jaribu hili leo jioni. Akishamaliza kukusomea ukurasa, funika picha kwa kiganja, kisha mwonyeshe neno moja la katikati na umuulize ni neno gani. Mwanangu alikuwa anatiririka ukurasa mzima, lakini nilipomwonyesha "kuku" peke yake, akanyamaza. Alikuwa ameshika wimbo wa darasani.

Usimgombeze. Rudi kwenye sauti. Kiswahili kina irabu tano tu, na kila moja hutamkwa vilevile popote inapokaa. Ongeza m na k, tayari ana mama, kaka, kuku, kumi, kima. Mtajie sauti ya herufi, kwa sababu majina ya herufi huwachanganya, hasa wale wa shule za Kiingereza ambao a wanaambiwa ni "ei". Mimi nashauri nyumbani muanze na Kiswahili. Akishajua kuunganisha sauti, ujuzi huo atakwenda nao hata kwenye Kiingereza.

Wengi hukwama konsonanti zinapofuatana: ng'ombe, nchi, mbwa. Hapo pigeni makofi kwa kila silabi. Kwenye m-tu, m ina kofi lake. Kwenye mbu-zi, imo ndani ya kofi la kwanza. Wanangu walielewa kwa mikono kabla ya kuelewa kwa maelezo.

Na akikwama, subiri. Wazuie kaka na dada zake wasimdakie neno. Mtoto anayedakiwa huacha kutazama herufi, anatazama midomo ya watu.

Vitabu ni ghali, najua. Hadithi za African Storybook zinapatikana bure kwenye intaneti, hata kwa Kiswahili. Akishazijua herufi kubwa, zipo kanga pia. Sisi tulitandika ya bibi yake mkekani: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Kidole kilikaa muda mrefu kwenye NJOO, midomo ikijaribu, mpaka "njo... njoo!" ikatoka, na bibi akaitikia, "Nakuja, mjukuu wangu!"

Mzazi usiyejua kusoma, nawe keti naye. Msikilize, kisha muulize hadithi ilihusu nini.

Kama miezi inapita na bado hasogei, zungumza na mwalimu wake, na mpeleke akapimwe macho na masikio. Asiyeona ubao vizuri huitwa mvivu bure.