Kikaratasi cha senti 50 ndani ya kitabu cha mitumba

SWALI: Shikamoo Mzee. Nilinunua kitabu kikuukuu cha Kihispania pale Kongowea. Ndani mlikuwa na kikaratasi chembamba chenye nambari na muhuri: "Ajuntament", "50 cèntims", mwaka 1937. Jina la mji limeliwa na mende. Jirani yangu asema ni tikiti ya bahati nasibu. Ni nini hasa? Na nikitaka kukiuza?
Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jirani yako ana haraka. Hizo ni pesa, ila hazikutoka benki. "Ajuntament" ni baraza la mji kwa Kikatalani, basi karibu hakika kimetoka Catalonia, jimbo la Uhispania linalosema lugha hiyo, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania.

Vita vilipozuka Julai 1936, watu walizificha peseta zao (sarafu za Uhispania) za madini ya fedha. Nani atoe sarafu yenye thamani yake yenyewe, arudishiwe karatasi? Noti kubwa zilikuwepo. Chenji ndiyo iliyoadimika. Wajua makanga anavyokwambia "ngoja mbele, sina chenji"? Basi huko ilikuwa mji mzima, kwa muuza mkate na kwa kinyozi. Mabaraza yakajichapia yenyewe vijinoti vya senti 25, senti 50, peseta moja. Mamia ya miji yalifanya hivyo, na hata vyama vya ushirika. Thamani yake ilikuwa ahadi ya baraza tu. Ukivuka kwenda mji wa pili, mwenye duka ana haki ya kukitazama na kukurudishia.

Januari 1938 serikali ya Jamhuri, ile iliyopigana na waasi wa Jenerali Franco, iliamuru viondolewe. Ilikuwa na noti zake ndogo, na pia (hivi ndivyo nivipendavyo mimi) vijiduara vya kadibodi vilivyobandikwa stempu ya posta, vikapita sokoni kama senti. Franco aliposhinda 1939, pesa za Jamhuri zikabaki karatasi.

Kuhusu bei, usijenge nyumba kichwani. Vingi vilinusurika, na vya miji mikubwa ni rahisi. Wakusanyaji hulipia vijiji vidogo, ndiyo maana huyo mende amekutia hasara: bila jina, nani ajue ni kijiji gani? Lakini muhuri mara nyingi huwa na jina la mji. Kiinamishe kwenye mwanga wa dirishani, usome herufi za ukingoni. Usikipige pasi, wala usikitie selotepu. Na huyo jirani asikinunue kwako kabla hujausoma muhuri.