Bi Mkubwa Anajibu: Dalali wa kweli nitamjuaje?

Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Nimehamishiwa Unguja kikazi na nataka kununua nyumba Fuoni au Kwarara. Dalali mmoja ananihimiza nitoe arbuni leo hii, ati nyumba inagombaniwa. Nimwamini? – Mwalimu, Wete

Waalaykum salaam, mwanangu. Hizo pesa zifunge vizuri kwanza.

Mwaka 2009 nilinunua nyumba Jang'ombe kwa dalali mwenye kanzu ya pasi, kila neno wallahi. Miezi minne baadaye, nafagia uwanja alfajiri, mtu akapiga hodi na begi mkononi. Ndugu yake muuzaji, katoka Maskati. Nyumba ilikuwa ya mirathi, warithi watano, na karatasi yangu ina saini nne! Fungu lake nililitoa mimi, kwa bangili zangu za dhahabu. Dalali hakupokea simu tena.

Tangu hapo dalali namuuliza: mwenyewe kaipataje? Akisema kairithi, nataka kuwaona warithi wote na mgawo wa kadhi. Akisema "niachie mie", namwachia kweli, na nyumba yake.

Madalali wengi humficha mwenye nyumba kwa kuogopa kurukwa, mnunuzi akamalizana naye pembeni, na hofu hiyo si ya bure, wanunuzi nao wana yao. Mwandikie kikaratasi kwamba udalali wake upo pale pale. Akikataa bado kukupeleka kwa mwenye nyumba, ana jambo.

Kisha nenda peke yako kwa sheha, kiongozi wa mtaa, na barazani kwa majirani. Hao ndio watakaokwambia kama nyumba ni ya wakfu, na ya wakfu haiuzwi. Ardhi yetu ni mali ya Serikali, wewe unapata haki ya kuitumia tu. Kwa hiyo karatasi za kiwanja zipeleke Kamisheni ya Ardhi kabla hujatoa hata shilingi. Hasa ukisikia kimekatwa kwenye eka tatu. Zile zilitolewa baada ya Mapinduzi zilimwe.

Na nyumba kaione wakati wa masika. Dalali wangu wa pili, kijana wa Mpendae, alinipigia mwenyewe mwezi wa Aprili: "Mama, njoo uone maji yanavyosimama mlangoni, usije ukanilaumu." Nikaenda, nikavua viatu, maji yakanifika kwenye goko. Sikununua, na udalali hakupata. Hii ya Fuoni ninayokaa sasa kaniuzia yeye.