Kete imehama, macho yako hayajahama

Ukianza sataranji utapoteza malkia bure mara nyingi, na kila mara utaambiwa uongeze umakini. Ushauri huo ni mwepisi mno. Kwa niliyoyaona nikifundisha wanaoanza, makosa makubwa mengi yana chanzo kimoja: kete imeshahama, lakini kichwani bado inalinda pale ilipotoka.

Panga kete uone (kila mraba una jina: herufi a hadi h ni safu ya wima, namba 1 hadi 8 ni safu ya mlalo). Mweupe anasogeza askari e4, Mweusi anajibu e5. Farasi mweupe anatoka kwenda f3, mweusi c6. Askofu mweupe anakwenda c4, naye Mweusi anarusha farasi wake d4, akimwacha askari wa e5 bila mlinzi. Mweupe anamla askari huyo kwa farasi, kwa furaha kabisa. Hapo malkia mweusi anatokea g5, anatishia farasi wa e5 na askari wa g2 kwa pamoja. Nani alikuwa akilinda g5? Farasi, alipokuwa f3. Na g2? Askofu, kabla hajaondoka f1. Kila mmoja alihama kwa sababu inayoeleweka. Kilichokosekana ni swali moja: anaacha nini nyuma?

Mabingwa nao yamewakuta. Mwaka 1892 kule Havana, wakiwania ubingwa wa dunia, Chigorin alikuwa mbele ya Steinitz kwa kete nzima. Akamhamisha askofu kutoka d6 hadi b4, na askofu huyo ndiye aliyekuwa akilinda h2. Ngome ya Steinitz ikala h2, habari ikaishia hapo. Mwaka 2006 mjini Bonn, Kramnik, akiwa bingwa wa dunia, alifungiwa mfalme kwa hatua moja na programu ya Deep Fritz: malkia alitua h7 akilindwa na farasi aliyekuwa f8, mahali ambapo farasi haonekani mara kwa mara.

Kwa hiyo ukishindwa, usiandike daftarini “sikuona”. Andika ni kete gani ilihama na ilikuwa na kazi gani. Fanya hivyo kabla ya kufungua programu ya uchambuzi, maana ukianza nayo itakuonyesha hatua bora, na ile picha uliyokuwa nayo kichwani itapotea kabla hujaichunguza.

Kuona ubao kichwani kunajengwa kwa mazoezi madogo. Jiulize rangi za miraba bila kutazama: f6 ni mweusi, g4 ni mweupe. Farasi hubadili rangi ya mraba kila anaporuka, na hilo pekee litakuepusha na mahesabu mengi mabovu. Kisha chukua mchezo ulioandikwa, usogeze kete hadi hatua ya kumi, halafu soma hatua mbili zinazofuata bila kugusa kitu. Taja kwa sauti nani sasa hana mlinzi. Ndipo usogeze kete uhakikishe. Ukikosea, rudi kwenye hatua moja. Hakuna haja ya kukimbilia tano.

Wala usijilaumu kwamba huna kumbukumbu. Utafiti wa wanasaikolojia Chase na Simon, uliochapishwa 1973, ulionyesha kuwa wachezaji hodari hukumbuka vizuri sana kete zilizopangwa kama katika mchezo halisi, lakini zikitawanywa ovyo, ubora wao karibu wote hutoweka. Wanachokumbuka ni mipangilio waliyoizoea, na mipangilio hiyo unaikusanya kila unapocheza na kurudia mchezo wako taratibu.