Brashi ya mishkaki na skonzi

Swali: Naomba ushauri. Je, brashi moja itatosha kupaka ukwaju kwenye mishkaki na yai juu ya skonzi?

Jibu: Ndugu msomaji, ni afadhali ununue mbili. Kwa jiko la mkaa chagua ya silikoni yenye mpini mrefu, kwa kuwa silikoni bora hustahimili joto linalozidi nyuzi 200 za Selsiasi, haiachi nywele kwenye chakula na huoshwa kwa urahisi, ilhali nailoni huyeyuka. Kwa yai, nywele laini za asili hushika kimiminika vizuri zaidi na hazibonyezi unga ulioumuka. Osha brashi zote mbili mara tu baada ya kuzitumia, uzikaushe kabisa. Tunasisitiza jambo moja: brashi iliyogusa nyama mbichi isitumike kupaka nyama iliyoiva kabla ya kuoshwa kwa maji moto na sabuni.