Kiwanja cha Nala sikinunui kwa sasa, na sababu ni hizi

Mbukwenyi ndugu zangu. Mdogo wangu wa Nkuhungu, Dodoma, amenitumia video ya Mmarekani aliyefikisha nyumba kumi za kupangisha kwa kukopa benki, akaniuliza: "Kaka, unalipwa kwa pauni, kuna kiwanja kinauzwa Nala na kingine Ihumwa, unangoja nini?" Wengi mnaniuliza hivyo pembeni, nawajibu wote.

Nianze na hela. Huku Uingereza nabeba boksi kwelikweli, ghalani, zamu ya usiku. Kabla mshahara haujanifikia, serikali imeshakata asilimia 20 ya kila kinachozidi pauni 12,570 kwa mwaka, na bima ya taifa asilimia 8. Bado pango, kodi ya halmashauri, gesi ya kupasha nyumba joto. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa: ada za watoto wa dada, dawa za mama, halafu akiba. Akiba ipo, siwafichi, ila inakua polepole.

Yule Mmarekani hasemi uongo. Kwao mtu anapata mkopo wa miaka 30 kwa riba isiyobadilika, mpangaji analipa, kodi inafuta rejesho, na nyumba ikipanda thamani anaikopea tena anunue nyingine. Hesabu hiyo ukiileta Dodoma inakwama. Kwa riba za benki zetu, kodi ya nyumba ya Ilazo haibebi rejesho la mkopo ulioijenga. Kwetu tunajenga kwa fedha taslimu, na fedha iliyolala kwenye boma, yaani nyumba isiyoisha, haizai kitu. Inaniuma sana kuona maboma ya wenzetu wa nje yaliyoishia kwenye lenta, miti imeota sebuleni. Mtu ana viwanja vitano kwenye makaratasi na hana mpangaji hata mmoja!

Ndiyo maana nimeshikilia kwamba nyumba moja iishe, ipangishwe, kodi yake iinue ya pili. Nina vyumba viwili vya kupangisha Ng'ong'ona, karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kila kimoja kina sebule na choo cha ndani. Mpangaji wa Dodoma hakuulizi rangi ya ukuta, anauliza maji yanatoka siku gani. Kwa hiyo kabla ya kufikiria geti tuliweka simtanki la lita 2,000 juu ya mnara wa tofali, na wapangaji wanakaa. Kodi hiyo, baada ya kutoa matengenezo na kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme wa LUKU, sijaigusa kwa matumizi yangu.

Najua bei za viwanja zinapanda. Serikali imehamia Dodoma, mji wa serikali wa Mtumba umejengwa, treni ya reli ya kisasa (SGR) inaleta watu kutoka Dar tangu 2024. Siku nikiwa tayari, utaratibu ni mmoja: dalali akisema kimepimwa, mdogo wangu nenda na simu, nionyeshe bikoni zote, yale mawe ya mipaka, namba zisomeke, tulinganishe na ramani, kisha upekuzi wa mmiliki ufanyike ofisi ya ardhi. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inaonyesha muuzaji anafahamika pale. Umiliki unathibitishwa na ofisi ya ardhi.

Mjomba, uliyeniuliza kwa nini sichukui uraia wa huku: Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima. Nikiapa huku napoteza wa kwetu, na kwenye ardhi haki yangu haibaki ya raia. Siendi huko.

Chumba cha tatu Ng'ong'ona kimefika kwenye kupaua. Hela ya mwezi ujao inakwenda hapo. Mdogo wangu, niulizie bati za geji 28 kwenye maduka mawili tofauti, unitumie picha za bei zote mbili kabla ya Jumamosi, na umwambie fundi asinunue mbao mpaka tuongee.