Mama hajui Kiingereza, mtihani wa uraia wa Marekani ataufanyaje?

Dada, umesema mama ana miaka 58, ana kadi ya kijani (ya ukazi wa kudumu) miaka 16 sasa, na Kiingereza kimegoma kabisa. Mwambie atulie. Aliyefikisha miaka 55 na kuishi Marekani miaka 15 kama mkazi wa kudumu hapimwi Kiingereza. Maswali ya historia na serikali anaulizwa kwa lugha yake kupitia mkalimani, kwa hiyo Kiswahili ruksa.

Ila msijifunzie makaratasi ya zamani yenye maswali 100! Ombi likiwasilishwa kuanzia Oktoba 20, 2025, orodha ni ya maswali 128. Anaulizwa mpaka 20, kwa mdomo, na akipata 12 amepita.

Mama mkwe wangu alikuwa akichanganya Seneti na Baraza la Wawakilishi kila siku. Nilimfundishia jikoni tukimenya viazi: viwili viwili kwa kila jimbo, liwe kubwa kama California au dogo kama Rhode Island, majimbo 50, jumla maseneta 100, muhula miaka 6. Wawakilishi ni 435, hugawanywa kwa idadi ya watu, muhula miaka 2. Hakusahau tena, ingawa viazi viliungua.

Majina ya viongozi yahakikisheni wiki ya usaili, maana hubadilika. Na mkalimani akae na mama mapema wakubaliane maneno. Mmoja akisema “marekebisho ya katiba” na mwingine amezoea “mabadiliko”, akiulizwa katiba ina marekebisho mangapi, jibu, yaani 27, linaweza kumpotea hivihivi.