Kabla hujanunua fotometa, jifunze kulinganisha nyota

Vijana kadhaa hapa Tanga wameniuliza swali lilelile: kifaa gani cha kupimia mwanga wa nyota, yaani fotometa, kinafaa? Mimi huanza na kisichofaa. Zile programu za simu zinazosoma luksi, yaani kipimo cha mwanga unaoangukia mahali, ziacheni. Mbalamwezi yenyewe haifikii luksi moja, na nyota ya magnitudi 0 (magnitudi ni kipimo cha mng'ao wa nyota, namba ikipanda nyota inafifia), ambayo ni kati ya zinazong'aa sana, hutupa kama sehemu mbili na nusu tu za milioni moja ya luksi. Simu itakuandikia sifuri, uwe Ngamiani mjini au katikati ya bahari. Vile vipimo vidogo vya giza la anga navyo ni vizuri kwa kazi yake, ila husoma kipande kizima cha anga, si nyota moja.

Anza na macho. Nasema hivyo kwa sababu ya kaskazi ya mwisho wa 2019 kuingia 2020, pale Betelgeuse, nyota nyekundu ya begani mwa Jabari, lile kundi la nyota la Orion, ilipofifia. Kwa kawaida huwa inaizidi mwanga nyota ya jirani, Aldebaran. Nilikuwa nikikaa ufukweni Raskazone, taa za mji nimezipa mgongo, naitazama kwa zamu na majirani zake. Kufikia Januari ilishapitwa na Aldebaran. Katikati ya Februari ilikuwa sawa kabisa na Bellatrix, ile ya bega la pili, yenye magnitudi 1.6. Wenye darubini na vifaa vya bei kubwa nao walipata hiyohiyo 1.6.

Hilo liliwezekana kwa sababu nililinganisha na nyota ambazo mwanga wake unajulikana, zilizo karibu nayo na kwenye kimo kilekile angani. Kimo ni jambo kubwa. Nyota ikiwa nyuzi 30 juu ya upeo wa macho, mwanga wake hupita kwenye hewa mara mbili ya ile iliyo utosini, na hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi. Sisi tuna bahati: Jabari hupita karibu na utosi. Tahadhari moja tu, nyota nyekundu usiikodolee macho. Ukiitazama kwa muda mrefu itaonekana inazidi kung'aa. Tupia jicho, hamia kwa jirani yake, rudi.

Hata mafundi wa zamani walifanya hivi. Zöllner, Mjerumani, mwaka 1861 alitengeneza fotometa iliyoweka nyota bandia ya taa pembeni ya nyota halisi, kisha akaipunguza mwanga mpaka zilingane. Mmarekani Joel Stebbins alitumia seli ya seleniamu, ambayo hupitisha umeme zaidi ikipata mwanga, na mwaka 1910 akaonyesha kwamba Algol, ambayo ni nyota zinazozungukana na kufichana, hufifia mara mbili katika kila mzunguko. Ule mfifio wa pili ni mdogo mno kwa jicho. Vifaa vilibadilika, kulinganisha kukabaki.

Ukishazoea macho, usikimbilie kununua. Tafuta kamera yoyote yenye lenzi ya kubadilishwa, hata ya kuazima kwa mpiga picha wa harusi. Piga picha ghafi, isiyobanwa na kamera. Lenzi itoe kidogo kwenye fokasi, nyota iwe kiduara badala ya kidoti, maana kidoti hujaa haraka na kikishajaa hakipimiki tena. Piga picha kadhaa mfululizo, kisha funika lenzi kwa kifuniko chake na upige nyingine kwa muda uleule: joto la usiku wa Tanga hutia vidoti vya uongo kwenye kihisio, na hizo picha za giza ndizo za kuvitoa.

Kwenye kompyuta, jumlisha mwanga ulio ndani ya kiduara cha nyota, toa mwanga wa anga unaoizunguka, kisha fanya vivyo hivyo kwa nyota ya kulinganishia. Tangu Pogson alipopendekeza kipimo chake mwaka 1856, tofauti ya magnitudi 5 ni mwanga mara 100, na namba ikiwa ndogo nyota inang'aa zaidi. Kwa hiyo moja ikitoa 40,000 na nyingine 10,000, tofauti ni mara nne, yaani magnitudi 1.5.

Umande ndio adui mkubwa wa ufukweni. Ukiona nyota zote kwenye picha zinafifia pamoja, huenda lenzi imelowa. Izungushie karatasi nyeusi ya manila iwe kama bomba mbele yake. Wala usifute kwa kanga ukiwa ufukweni, chembe za chumvi hukwaruza kioo. Pulizia kwanza kwa kipulizio cha mpira.

Ramani za nyota badilifu, yaani zinazobadilika mwanga, hutolewa bure na AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota hizo kilichoanzishwa 1911, na hupokea vipimo vya watu wa kawaida kutoka popote. Kwenye ramani hizo nukta ya desimali huachwa ili isidhaniwe ni nyota: 16 ni 1.6. Andika kipimo chako kabla hujatazama cha mwenzio. Na saa uiandike ya dunia (UTC), si yetu: saa tatu usiku hapa Tanga ni 21:00, kwa saa ya dunia ni 18:00.